Fundi wa Umeme Arejeapo Kazini

Kidichi ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Pale ambapo Sayyid Said alimjengea hamamu mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na ambapo kwa miaka mingi msimu ulihesabiwa kwa karafuu zilizoanikwa juani, sasa nyumba za matofali zinachomoza baina ya mikarafuu na mifenesi. Kila nyumba inayoezekwa inahitaji fundi wa umeme. Na fundi anayeitwa, aghalabu, si kampuni yenye ofisi na gari. Ni mtu mmoja mwenye mkoba wa vyombo, anayejulikana mtaani kwa jina lake, ambaye aliwahi kuifanya kazi hii zamani, akaiacha, na sasa ameirejea kwa mkono wake mwenyewe.

Mafundi wa namna hii ni wengi kisiwani mwetu kuliko inavyodhaniwa, na wanatoka katika njia mbalimbali. Wako wastaafu waliopanda nguzo wakati wa mradi wa umeme vijijini uliosaidiwa na Norway tangu miaka ya 1980, watu walioziona kwa macho yao taa za kwanza zikiwaka katika vijiji vya shamba. Wako waliokwenda Oman na nchi nyengine za Ghuba, wakafanya kazi katika majengo makubwa chini ya wasimamizi wa kigeni, kisha wakarudi nyumbani na ujuzi lakini bila ya karatasi inayousema ujuzi huo. Na wako wale ambao biashara au uvuvi uliwachukua kwa miaka kumi au ishirini, hadi ugumu wa maisha ukawakumbusha kwamba waliwahi kujifunza ufundi. Wote hawa wanakuta mambo mawili yamebadilika nyuma yao: sheria imebadilika, na waya wenyewe umebadilika.

Tuanze na sheria. Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi, jambo lolote lililohusu umeme hapa Visiwani lilimalizikia katika mlango mmoja, nao ni wa shirika la Serikali lililojulikana kwa kifupi cha SFPC, ambalo baadaye, kwa sheria ya mwaka 2006, nafasi yake katika umeme ilichukuliwa na Shirika la Umeme Zanzibar, yaani ZECO. Fundi aliyefahamika na wakaguzi wa Shirika alikuwa fundi, na asiyefahamika alijitahidi afahamike. Utaratibu huo ulikuwa na wepesi wake, na ulikuwa na kasoro zake pia, maana mtu akijulikana na mkaguzi haina maana kwamba anaijua kazi. Kisha ikaja Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, iliyoiunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA. Tangu hapo anayeuza umeme ni mmoja na anayedhibiti ni mwengine. Mwaka huo huo wa 2013 ilipitishwa pia sheria mpya ya leseni za biashara, na mwaka 2022 Bodi ya Mapato ikageuzwa kuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mtu aliyeuweka mkoba wake juu ya kabati mwaka 2005 na kuushusha leo anakuta karibu kila ofisi aliyoizoea ama imebadili jina, ama imegawanyika, ama imehama.

Hatulaumu mabadiliko haya. Dhibiti haiwezi kuwa ya kweli iwapo mwenye mali ndiye huyo huyo mwenye kujikagua. Tunachokisema ni kwamba mabadiliko ya ofisi hayana budi kufuatana na maelezo kwa yule atakayezipita ofisi hizo, naye mara nyingi hana karani wa kumsomea kanuni.

Sasa tuje kwenye waya, kwani hapa ndipo penye hatari, nasi tungependa wakubwa wa Serikali watuvumilie tukieleza kidogo mambo ya kiufundi.

Fundi aliyejifunza kazi hapa Unguja katika miaka ya 1970 au 1980 alifundishwa kwa desturi ya Kiingereza: waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ndio nyutro, na wa kijani, au kijani na manjano, ndio wa ardhi. Katika umeme wa njia tatu, moto ulikwenda kwa waya mwekundu, wa manjano na wa buluu, na nyutro ikabaki nyeusi. Mwaka 2004 Uingereza yenyewe iliiacha desturi hiyo ili ilingane na jirani zake wa Ulaya, na kufikia mwaka 2006 rangi za zamani hazikuruhusiwa tena kwa kazi mpya huko. Moto ukawa kahawia na nyutro ikawa buluu. Katika njia tatu, moto ukawa kahawia, nyeusi na kijivu.

Msomaji asiye fundi ataona ni mchezo wa rangi tu. Lakini aangalie vyema: waya wa buluu, ambao katika njia tatu ulikuwa wa moto, sasa ni nyutro, na waya mweusi, ambao ulikuwa nyutro isiyoogopwa sana, sasa unaweza kuwa wa moto. Katika maduka yetu ya vifaa waya wa rangi zote mbili umeuzwa, kwa sababu bidhaa zetu zinatoka pande nyingi za dunia. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambako vyumba vya wageni vimeongezwa juu ya vyumba vya kale, unaweza kukuta ukuta mmoja una waya wa zama mbili. Fundi aliyerudi kazini baada ya miaka ishirini, akauamini mkono wake kuliko testa yake, anaweza kuushika mweusi kwa imani ya zamani na asipate nafasi ya kujifunza mapya.

Jambo la pili ni la ardhi, na hili lina uhusiano na udongo wetu wenyewe. Wakulima wa Unguja wanazijua vizuri aina za ardhi ya kisiwa hiki: kinongo cha upande wa magharibi, kama kile cha vilima vya Kidichi na Kizimbani, kilicho kirefu na chenye kushika unyevu, na uwanda wa mashariki na kusini, wenye udongo haba juu ya mawe ya matumbawe. Mkarafuu unaijua tofauti hiyo, na umeme nao unaijua. Fimbo ya ardhi ikizamishwa katika kinongo kibichi hupata mahali pa kuupeleka mkondo. Ikipigwa katika jiwe la Makunduchi au Jambiani, mara nyingi haishuki hata nusu, na ikishuka hukuta ukavu.

Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wetu ni wa volti 230. Ikiwa ukinzani wa fimbo ya ardhi ni omu 50, basi waya wa moto ukigusa bati la friji, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampia 4.6 tu. Fyuzi ya ampia 30 haitasikia chochote. Friji itaendelea kuwaka na bati lake litabaki na moto, likimngojea mtoto aliyetoka kuoga. Hata pale Kidichi, tukijaalia fimbo nzuri yenye omu 10, mkondo utakuwa ampia 23, na fyuzi ile ile bado haikatiki. Kwa hivyo kanuni ya zamani isemayo kwamba nyumba yenye fimbo na fyuzi imekingwa haikuwa na ukweli wote, hata katika udongo bora tulionao.

Ndiyo maana kanuni za siku hizi duniani zinataka kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Kazi yake ni kupima mkondo unaotoka na ule unaorudi. Kikiona tofauti ya miliampia 30, yaani umeme kidogo unavuja kwa njia isiyo yake, labda kwa kupitia mwili wa mtu, hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Mafundi wengi waliofunga nyumba zetu katika miaka ya 1980 walifanya kazi zao bila ya kukiona kifaa hicho. Si kosa lao. Lakini akirudi leo na kufunga nyumba kama alivyofunga ya mwaka 1985, basi kosa litakuwa lake, na gharama italipwa na mwengine.

La tatu ni majenereta. Wasomaji hawajasahau Mei na Juni 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, wala ile miezi mitatu ya kiza kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukitutegemeza tangu mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45, ulikuwa umechoka pamoja na vifaa vyake, na haukupata mwenzake hadi mwaka 2013 ulipolazwa wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Katika siku zile kila aliyeweza alinunua jenereta, na wengi walilichomeka katika soketi ya ukutani bila ya swichi ya kubadilisha njia. Nyumba iliyofungwa hivyo huurudisha umeme wake nje katika waya za Shirika, na mfanyakazi aliyepanda nguzo akijua kwamba laini imezimwa hukutana na moto uliotoka chumbani kwa mtu. Sasa vinaongezeka vibao vya jua juu ya mapaa, na betri, na suala ni lile lile kwa sura nyengine. Fundi wa zamani alijifunza umeme unaotoka upande mmoja. Nyumba za leo zinaweza kuwa na umeme kutoka pande tatu.

Kwa hayo yote tunakiri bila ya kusita kwamba kanuni ni lazima, na kwamba hazikubuniwa jana ili kuwasumbua wanyonge. Wahandisi wa Uingereza walichapisha kanuni zao za kwanza za kutandaza waya mwaka 1882, mwaka mmoja tu kabla ya Sayyid Barghash kulisimamisha Beit al-Ajaib, jengo la kwanza hapa Zanzibar kutiwa umeme. Umeme na kanuni zake ni ndugu wa karibu umri mmoja.

Lakini kanuni nzuri inaweza kuzaa matokeo mabaya iwapo mlango wake ni mwembamba kupita kiasi. Tumtazame huyo fundi wetu wa Kidichi. Akitaka kufanya kazi kihalali, anahitaji uthibitisho wa ujuzi, kisha leseni ya biashara, kisha kujulikana na watoza kodi. Na kila moja ina siku zake, nauli zake, na picha zake za pasipoti. Kazi yenyewe anayoisaka ni kufunga vyumba vitatu na ukumbi, malipo yake hayalingani na ada iliyopangwa kwa kampuni yenye kufunga hoteli ya Nungwi. Hufanya nini? Si siri, maana mitaani inasemwa waziwazi: huifanya kazi mwenyewe, kisha humtafuta mwenye muhuri aje auweke. Mwenye muhuri huchukua chake bila ya kupanda ngazi. Karatasi inakwenda ofisini ikiwa safi, na nyumba inabaki kama ilivyo. Hapo sheria imepata saini, ila haikupata usalama, na ajali ikitokea, aliyetia saini atasema hakuwepo na aliyekuwepo hana jina popote.

Jambo hili la muhuri wa kuazima ndilo, kwa maoni yetu, lenye kustahiki kuwashughulisha wakuu kuliko msako wowote wa mafundi wasio na leseni. Msako humwondoa fundi barabarani kwa wiki moja. Hauondoi haja ya mwenye nyumba.

Jirani zetu wamelijaribu suala hili kwa namna zao. Tanzania Bara, EWURA imeyapanga madaraja ya leseni za mafundi kwa herufi, kuanzia A la wenye kazi za msongo wowote hadi yale ya kazi ndogo za majumbani, na lipo daraja la W kwa mafundi wa kutandaza waya. Leseni hizo hazina nguvu hapa, kwani umeme si jambo la Muungano, lakini fikra ya madaraja haina mpaka. Kenya nao wana madaraja yao, na tangu mwaka 2012 waliweka kanuni mahsusi za umeme wa jua zenye ngazi za T1 hadi T3, ili mwenye kufunga kibao kimoja cha taa asipimwe kwa kipimo cha mwenye kufunga mtambo wa skuli nzima. Uingereza, tangu Januari 2005, iliyaingiza matengenezo ya umeme wa majumbani katika kanuni za ujenzi, lakini ikamwachia fundi aliyesajiliwa katika mpango unaotambuliwa aithibitishe kazi yake mwenyewe, naye hukaguliwa mara kwa mara. Huko pia wamo wazee waliorudi kazini baada ya kuacha, wakakuta kitabu cha kanuni kimefikia toleo la kumi na nane, lile la 2018, na wakalazimika kukaa darasani na vijana. Hawakupendezewa, lakini darasa lilikuwepo na tarehe yake ilijulikana.

Na tusisahau kwamba hapa hapa Unguja tunao mfano ambao wageni wanakuja kuutazama. Katika kituo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini, akina mama wa vijijini, baadhi yao wasiojua kusoma wala kuandika, wamefundishwa kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza taa za jua, wakarudi kwao kuwa mafundi. Hawakuulizwa cheti cha kidato cha nne. Waliulizwa: unaweza? Wakaonyesha kwa mikono. Ikiwa bibi wa kijijini ameweza kupimwa kwa kazi yake, hatuoni sababu ya kumpima kwa makaratasi ya ujana wake mzee aliyevuta laini za umeme miaka thelathini.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Sheria yake ni ya mwaka 2006, na vituo vyake vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa upande wa Unguja vipo. Bara, VETA imekuwa ikiendesha urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa anachokijua, hufundishwa kile tu kilichopungua, kisha hupewa cheti. Kwa fundi umeme anayerejea, kilichopungua tumekwisha kukitaja: rangi za waya, upimaji wa ardhi, kinga ya mvujo, swichi za jenereta na mambo ya jua. Hayo hayahitaji miaka miwili. Wiki tatu za jioni, kwa Kiswahili, pamoja na mtihani wa mikono mbele ya mkaguzi, zingetosha kwa mtu aliyekwisha kuikomaza kazi. Tunatia mkazo juu ya Kiswahili. Kanuni iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake na kutarajiwa ifuatwe juu ya ngazi na fundi wa Kidichi haikutangazwa, hata kama imechapishwa.

Baada ya hapo tungependa ZURA itoe daraja dogo, lenye ada ndogo, kwa nyumba za kuishi za njia moja tu, na jina la fundi pamoja na namba yake libandikwe katika ofisi ya sheha. Sheha anajua nani amezaliwa na nani amehamia katika shehia yake. Hatashindwa kujua nani anaruhusiwa kufunga umeme. Mwenye nyumba ataweza kutazama orodha ile kabla ya kutoa fedha za awali. Mkaguzi wa ZECO naye, anapokuja kabla ya kufunga mita ya TUKUZA, akute fundi aliyefanya kazi yupo pale na testa yake mkononi, wapime pamoja. Dakika ishirini za wawili hao zitamaliza biashara ya muhuri wa kuazima kuliko waraka wowote.

Yako pia ya upande wa fundi. Anayejitegemea hana mwajiri wa kumlipa fidia akianguka darini. Aliyekuwa mtumishi wa shirika alizoea kupewa viatu na glavu, na mshahara ulimfikia hata siku za ugonjwa; leo siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula. ZSSF ina mpango wa kuchangia kwa hiari kwa watu wasio na ajira rasmi, na tungewashauri mafundi wauulizie kabla hawajanunua ngazi ya pili. Tungeishauri pia Serikali kwamba fundi akijiunga na mpango huo kihesabiwe kuwa ni kigezo kimoja cha kupunguziwa ada ya leseni, maana anayejiwekea akiba ya ajali anaipunguzia hospitali ya Serikali mzigo wake.

Na wenye nyumba wasijitoe katika lawama. Fundi anapomwambia mteja kwamba nyumba inahitaji kinga ya mvujo, jawabu lililozoeleka ni kuwa nyumba ya jirani haina na inawaka. Mteja huyo huyo hatanuna kutoa fedha za marumaru ya barazani. Fundi anayejua kwamba kuna mwenzake atakayeifanya kazi kwa nusu ya bei, bila ya kinga na bila ya kupima, hana nguvu ya kushikilia ukweli wake isipokuwa kanuni imshikie mkono. Kwa maana hiyo kanuni hizi zikisimamiwa kwa haki ni ngao ya fundi mwema kabla ya kuwa rungu la fundi mbovu.

Hatuombi jambo lenye kungojea bajeti kubwa. ZURA, ZECO, Mafunzo ya Amali, Baraza la Manispaa la Magharibi 'A' na masheha wake wanaweza kukaa kikao kimoja na kukubaliana juu ya jaribio la mwaka mmoja. Kidichi panafaa kuwa pa kuanzia: pana nyumba za zamani zenye waya mwekundu na mweusi, pana mpya zinazoezekwa sasa, pana kinongo cha kujifunzia upimaji wa ardhi, na mafundi wa kuanza nao wapo, wanajulikana kwa majina.